Dula wa baada ya kujifungua hapa Moshi: uzoefu wangu na huduma hii

Kwa Wachagga, mzazi kukaa ndani miezi mitatu akila mtori na kuhudumiwa ni desturi ya siku nyingi. Kilichopungua ni watu wa kumhudumia. Bibi yuko Rombo na ng'ombe wake, dada yuko Dar kazini, na baba aliyeajiriwa sheria inampa angalau siku 3 tu za likizo yenye malipo. Pengo hilo ndilo linalozibwa na dula, yaani mtu anayelipwa kuja nyumbani kumhudumia mzazi baada ya kujifungua. Nimetumia huduma hii ya mchana na ya usiku, na kipimo changu ni kimoja: dula mzuri humhudumia mzazi ili mzazi ammudu mtoto wake. Anayembeba mtoto kutwa nzima huku mama akisimama jikoni hajafanya kazi aliyoitiwa.

Thamani kubwa niliiona kwenye kunyonyesha. Dula anayejua kazi hakimbilii kushika ziwa na kulisukuma mdomoni. Kwanza humkalisha mama vizuri, mgongo umeegemea, mto chini ya mkono. Kisha mtoto analazwa tumbo kwa tumbo na mama, sikio, bega na nyonga vikiwa kwenye mstari mmoja, pua ikielekea chuchu. Mdomo ukifunguka sana ndipo mtoto anasogezwa kwenye ziwa; si ziwa linalomfuata mtoto. Ameshika sawasawa ikiwa kidevu kimegusa ziwa, mdomo wa chini umepinduka nje, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu inaonekana zaidi juu kuliko chini. Akishika ncha ya chuchu peke yake, chuchu ya mama itachanika na mtoto hatashiba. Hapo usimvute: ingiza kidole kisafi pembeni mwa mdomo wake, aachie, muanze upya. Vidonda vingi vya chuchu chanzo chake ni hapa, na mafuta ya kupaka hayatasaidia kama ushikaji haujarekebishwa.

Jambo la pili ni daftari. La kawaida kabisa, lenye safu za saa, ziwa la kushoto au la kulia, mkojo, kinyesi. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Siku ya kwanza nepi moja ya mkojo inatosha, ya pili mbili, na kuanzia siku ya tano tegemea sita au zaidi. Kinyesi huanza cheusi kinachonata, kisha kijani, kisha cha njano kufikia siku ya nne au ya tano. Dula niliyemwamini zaidi alitaka nepi za kitambaa wiki ya kwanza, kwa sababu pampasi hunywa mkojo kidogo usiuone. Uzito kupungua siku za mwanzo ni kawaida, ila ukipungua zaidi ya asilimia 10 ya ule wa kuzaliwa mtoto arudishwe hospitali. Kliniki, muuguzi akiuliza mtoto ananyonyaje, unamfungulia daftari, na mazungumzo yanakuwa mafupi na ya maana.

Usiku ndio wenye tofauti kati ya dula na dula. Kazi huwa kuanzia kama saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mzuri humletea mama mtoto akiwa ameshabadilishwa nepi, anaweka chupa ya uji wa moto na maji pembeni, na mama akimaliza kunyonyesha anamchukua mtoto, anambeulisha na kumlaza chali, bila mto, ndani ya chandarua. Mama anarudi kulala mara moja. Lakini wapo wanaokuja na kopo la maziwa na chupa ili "mama apumzike". Ziwa hutengeneza maziwa kadiri linavyotolewa. Ukiruka usiku mzima siku za mwanzo, maziwa yanajaa, ziwa linakuwa gumu kama jiwe, na wiki inayofuata mama analalamika hana maziwa. Nilikutana na huduma ya aina hiyo na sikuendelea nayo.

Kuhusu baridi ya Juni hadi Agosti nasema kwa msisitizo: jiko la mkaa lisiingie chumba cha mzazi. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na katika chumba kilichofungwa inaua mama na mtoto wakiwa usingizini. Dula aliyefundwa hulitoa hata kama mwenye nyumba atanuna. Badala yake mtoto huwekwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, wafunikwe pamoja, au avishwe nguo moja zaidi ya anazovaa mtu mzima. Joto lake lipimwe kwa kugusa shingo au mgongo, maana vidole vya mtoto mchanga huwa baridi mara nyingi.

Mabibi nao huja na mila zao. Kukandwa maji ya moto hakurudishi tumbo. Mfuko wa uzazi hujikaza wenyewe, na kunyonyesha huuharakisha. Maji hayo huunguza, na kwenye mshono wa operesheni ni hatari kabisa. Mbege nayo haiongezi maziwa: pombe hupita hadi kwa mtoto na huzuia maziwa kushuka. Kitovu kiachwe kikavu, bila mavi ya ng'ombe, majivu wala mafuta. Kuyasema haya mbele ya mama mkwe kunahitaji busara. Nilipenda dula mmoja aliyeanza na shikamoo, akasifu mtori, kisha akasema, "Mama, mkono wako wa mtori hakuna wa kuufikia. Wewe tushikie chakula, utupikie na ule wa saa nne usiku. Mshono tumwachie daktari." Bibi akapata kazi yenye heshima, beseni la maji ya moto likabaki jikoni.

Mipaka lazima ieleweke. Dula hatoi dawa, hafungui bandeji, hasemi huu ni ugonjwa gani. Kazi yake ni kuona mapema na kukuambia muondoke. Kwa mtoto: umanjano ndani ya saa 24 za kwanza, kukataa kunyonya, joto la 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5, pumzi zaidi ya 60 kwa dakika akiwa ametulia, kitovu chekundu kinachonuka. Kwa mama: pedi kulowa yote ndani ya saa moja, homa, uchafu wenye harufu mbaya, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, mguu mmoja kuvimba na kuuma. Machozi ya siku za mwanzo huja na kupita. Yakivuka wiki mbili, au mama akisema hamtaki mtoto, hilo ni la hospitali pia, tena haraka. Usiulize kama ni "uvivu".

Kama fedha ni kidogo, lipia usiku wa wiki mbili za kwanza kuliko mchana wa miezi miwili. Mpatane kabla ya kujifungua, kwa maandishi: saa za kazi, nguo za nani anafua (za mtoto na mzazi, si za nyumba nzima), nani anampikia mzazi, na siku akiugua anakuja nani. Muulize aliwahi kumpeleka mtoto hospitali kwa dalili gani. Majibu yake yatakuonyesha kama anazijua. Na mwenye kikohozi kilichozidi wiki mbili apimwe kifua kikuu kwanza, kabla hajamshika mtoto.