RAV4 Prime kwenye baridi ya Minnesota: joto la ndani ya gari linatoka wapi?

Nyamazeni kidogo, msikilize. Mmesikia huo mngurumo? Ni injini ya petroli. Nawasogezea kamera muone dashibodi: betri imejaa, kitufe cha kutembea kwa umeme nimekibonyeza, na bado injini imejiwasha kabla sijatoka hata kwenye maegesho. Nje ni nyuzi 5 za Farenihaiti, yaani nyuzi 15 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Ni saa kumi na moja alfajiri hapa Brooklyn Park, Minnesota, nami naelekea kazini St. Paul.

Habari za huko mliko, ndugu zangu. Gari hili ni Toyota RAV4 Prime, ambalo tangu matoleo ya 2025 linauzwa kwa jina la RAV4 Plug-in Hybrid. Ni haibridi ya kuchomeka: lina tangi la petroli kama gari lolote, na lina betri kubwa unayoichaji nyumbani kwa waya. Tangu niwaonyeshe kwamba nimelinunua, wengi wenu mlioko Kanada, Norwe, Sweden na hapa Minnesota mmeniuliza jambo moja: baridi ikikaza, betri inakufa? Nimeliendesha majira mawili ya baridi sasa. Betri haifi. Ila kuna swali jingine la kumuuliza muuzaji kabla hujatoa pesa, nalo ni hili: joto la ndani ya gari linatoka wapi? Mimi aliyeniuzia alinionyesha maili zilizoandikwa kwenye karatasi, na ya hita hakuyagusa kabisa. Ndiyo maana natengeneza video hii.

Karatasi inasema maili 42 kwa umeme peke yake, kama kilomita 68, kwa kipimo cha EPA, wakala wa mazingira wa serikali ya Marekani. Betri ni ya kilowati-saa 18.1. Kwa mlioko nyumbani, kilowati-saa moja ndiyo ile uniti moja unayonunua kwenye LUKU au kwa tokeni. Kwa hiyo gari linabeba uniti 18, na hata hizo halikuachii uzimalize zote; nyingine linazishikilia ili betri isichakae mapema.

Sasa daftari langu hili hapa. Huwa naandika kila ninapomaliza chaji. Julai, maili 46. Novemba, nyuzi 40 za Farenihaiti, kama 4 za Selsiasi, maili 37. Januari, nyuzi 20, ambazo ni kama 7 chini ya sifuri, maili 29. Njia ileile, dereva yuleyule. Kutoka Julai hadi Januari zaidi ya theluthi imeondoka. Hivi ni vipimo vya gari langu na barabara zangu, lako litatofautiana kidogo, lakini mteremko utauona.

Imeenda wapi? Mwaka 2019 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima magari matano ya umeme mtupu kwenye nyuzi hizohizo 20. Hita ikiwa imezimwa, umbali ulipungua kwa wastani wa asilimia 12. Hita ikiwashwa, ulipungua asilimia 41. Tafadhali zirudieni namba hizo mbili kichwani. Baridi yenyewe inachukua sehemu ndogo. Sehemu kubwa tunaila sisi tuliokaa ndani tukitafuta joto.

Hiyo sehemu ndogo nitaieleza hivi. Mimi nimekulia Njombe. Mwezi wa Juni na Julai mama akitoa chupa ya mafuta ya nazi asubuhi, yameganda. Unaigeuza chupa juu chini na hakuna kinachotoka. Mafuta hayajapungua hata tone, ila yamekataa kutiririka mpaka uiweke chupa juani. Ndani ya betri ya lithiamu kuna kimiminika ambacho chembe za umeme hupitia kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Baridi inakifanya kizito, chembe zinatembea polepole, na ukinzani wa ndani unapanda. Umeme uliomo ni uleule, lakini hautoki wote kwa urahisi. Betri ikipata joto, unarudi. Kwa hiyo usiogope ukiona maili zimeshuka Januari ukadhani umeuziwa betri mbovu. Subiri Mei ndipo uhukumu.

Kitu kinachoweza kuiumiza betri kwenye baridi ni kuichaji kwa nguvu ikiwa imeganda. Chini ya sifuri, lithiamu badala ya kuingia ndani ya grafiti, ule upande wa betri unaoihifadhi wakati wa kuchaji, inajipaka juu yake kama utando wa metali, na uharibifu huo haurudi nyuma. Gari linajua hilo. Ndiyo maana asubuhi kama hii ukiachia mafuta, breki ya kurudisha umeme inakuwa dhaifu: gari halitaki kuisukumia betri baridi umeme mwingi. Na ndiyo maana usiku kuchaji kunachelewa. Soketi ya kawaida ya hapa ya volti 120 inachukua kama saa 12 kulijaza. Kwenye baridi kali ongeza, kwa sababu sehemu ya umeme inatumika kuipasha betri yenyewe. Ukifika saa nne usiku na zamu yako ni ya alfajiri, lipange hilo mapema.

Hewa nayo. Hewa ya leo ni nzito kuliko ya siku ya joto ya nyuzi 25 za Selsiasi kwa karibu asilimia 15, na gari linaipasua kwa nguvu zaidi, hasa barabara kuu. Tairi zinapoteza kama pauni moja ya upepo kwa kila nyuzi 10 za Farenihaiti zinazoshuka. Pimeni upepo wa tairi, jamani. Ni kazi ya dakika tano, na wengi tunaiacha.

Haya, turudi kwenye hita, maana mambo yote yako hapo. Chukua hita inayokula kilowati 3. Saa moja ni uniti 3. Kwenye gari la umeme mtupu lenye betri ya uniti 75, hiyo ni sehemu moja ya ishirini na tano, hutaiona. Kwangu mimi mwenye uniti 18, ni sehemu moja ya sita. Joto unalohitaji ni lilelile, lakini sufuria unayochotea ni ndogo. Hili halisemwi vya kutosha kuhusu haibridi za kuchomeka, na nadhani ndilo linalowashangaza watu wengi majira ya kwanza.

Toyota walipunguza makali hayo kwa kuweka pampu ya joto. Inafanya kazi kama friji iliyogeuzwa: inachota joto kwenye hewa ya nje, hata kama hewa hiyo wewe unaiona baridi, na kuliingiza ndani. Umeme unaotumika ni mdogo kuliko wa hita ya waya. Kwenye nyuzi 20 naiona inafanya kazi vizuri, na ile safari ya maili 29 niliyowasomea injini haikuwaka hata mara moja. Lakini pampu ina mpaka wake. Ikishuka chini ya takribani 14 za Farenihaiti, yaani 10 chini ya sifuri, joto la kuchota halitoshi, na gari linawasha injini ili maji yake ya moto yapashe chumba. Ndicho mlichosikia mwanzo wa video.

Jingine limenichukua wiki kuligundua: kitufe hiki cha kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele. Ukikibonyeza, injini inaamka hata kama baridi si kali. Mimi siku hizi naelekeza tu hewa kioo cha mbele kwa kitufe cha kawaida, nafuta barafu kwa mkono kabla sijaondoka, na kitufe kile nakiacha kwa siku ninayokihitaji kweli. Kuona barabara ni kwanza; kama kioo hakionyeshi, bonyeza, petroli itanunuliwa tena.

Mnaoishi kwenye baridi kama hii, fanyeni hivi. Lipasheni gari likiwa bado limechomekwa, dakika kumi au kumi na tano kabla ya kutoka, ili joto la kwanza litoke ukutani na si kwenye betri. Tumieni viti vya joto na usukani wa joto. Vinakula umeme kidogo sana kwa sababu vinapasha mwili na si hewa yote ya gari. Kama una gereji, hata isiyo na hita, weka gari ndani.

Na kama unajua injini itawaka kwa vyovyote, usipigane nayo. Nikiingia barabara kuu ya 94 asubuhi kama hii naweka gari kwenye hali ya haibridi, injini ifanye kazi pale inapofaa, maji yake yapate moto vizuri. Nikitoka kwenye barabara kuu narudi kwenye umeme, na joto lililobaki kwenye maji linanifikisha. Hii naiona bora sana kuliko safari ya dakika nne kwenda dukani ambapo injini inawaka, inazimika, oili haijapata moto, unyevu unabaki ndani ya injini. Safari fupi fupi za namna hiyo, gari likipoa kila mara, ndizo mbaya kuliko zote kwa gari hili. Hata umeme unaliwa zaidi, maana kila mara unapasha chumba upya.

Kuhusu magari mengine niseme kwa ufupi. Prius Prime ya 2023 kuja juu ina betri ndogo zaidi, uniti 13.6, lakini nayo ina pampu ya joto. Chrysler Pacifica ya kuchomeka, ambayo familia nyingi zinaipenda kwa nafasi yake, ina uniti 16 na maili 32 za karatasini. Humo baridi ikiingia na ukawasha hita, injini inaamka mapema. Kama safari zako nyingi ni za kupeleka watoto shule, piga hesabu hiyo kabla.

Kwa ndugu walioko Nairobi na Dar mnaoagiza Mitsubishi Outlander za kuchomeka kutoka Japani: baridi ya Limuru au Makete haitawasumbua. Huko adui wa betri ni joto na umri. Baridi inakopa umeme na kuurudisha, joto la miaka linachukua moja kwa moja. Ombeni mpimiwe afya ya betri kabla ya kulipa.

Na kama mtu ataniuliza, pamoja na yote haya, ningenunua tena? Ndiyo. Januari 2024 Chicago ilipopigwa na baridi kali, madereva wa magari ya umeme walipanga foleni za saa nyingi kwenye vituo vya kuchajia, wengine magari yakazimika hapohapo. Mimi natunza wagonjwa. Nisipofika, mwenzangu wa usiku haondoki. Gari linalowasha injini lenyewe ili nifike nina haja nalo, mradi nilijue linavyofikiri.

Nimefika. Maili 21, zimebaki 12 za umeme, na hapa kazini hakuna pa kuchomeka, kwa hiyo betri itapoa tena mpaka saa tisa. Wenye RAV4, Prius au Outlander, niandikieni vipimo vyenu vya chini ya sifuri, na mtaje kama hita ilikuwa imewashwa. Naingia zamu.