Mani planti sebuleni kwangu: mmea safi, udongo mbovu

Nilitaka mmea wa kuning'inia juu ya kabati, kwenye sebule yenye dirisha moja. Muuza maua wa kando ya barabara hapa Dar es Salaam akaniuzia mani planti, ile ya majani ya kijani yenye michirizi ya njano, shilingi 10,000 pamoja na chungu cha plastiki. Mmea wenyewe naupa nyota tano. Udongo na chungu navipa moja.

Udongo ulikuwa mfinyanzi mweusi ulioshindiliwa hadi kidole hakiingii, na chungu hakina tundu hata moja chini. Hapo ndipo mimea mingi ya ndani inapofia. Maji yanatuama, mizizi inakosa hewa na kuoza, majani yanageuka njano. Mwenye mmea akiona hivyo anadhani una kiu, anazidisha maji. Siku ileile niliung'oa taratibu, nikatoboa chungu kwa msumari wa moto, nikachanganya udongo wa bustani, mboji na usumba wa nazi uliochambuliwa. Usumba huo kwa wafua nazi sokoni ni takataka tu, ukiomba unapewa. Sasa namwagilia pale tu udongo wa juu unapokuwa mkavu hadi kiungo cha pili cha kidole, maji yachuruzike mpaka chini, kisha namwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Wakati wa masika udongo hukawia kukauka, kwa hiyo usifuate ratiba, fuata kidole.

Muuzaji aliniambia inaishi popote, hata gizani. Kwenye mwanga hafifu itaishi kweli, ila utaona tofauti. Kwangu tawi lililotambaa kuelekea kona yenye kiza lilitoa majani madogo ya kijani kitupu, yaliyoachana mbalimbali. La upande wa dirishani limejaa michirizi na majani yamesongamana. Nikausogeza mmea wote karibu na dirisha, nyuma ya pazia jepesi, kwa sababu jua kali la mchana likiupiga moja kwa moja huunguza majani. Joto letu halina shida nalo: asili yake ni kisiwa cha Moorea, huko Polinesia ya Kifaransa. Porini hupanda miti, na majani yake yanakuwa makubwa kupita sinia.

Kilichonifurahisha zaidi ni kuuzalisha. Angalia kwenye kila pingili, chini ya jani, kuna kinundu cha kahawia. Huo ni mwanzo wa mzizi. Kata chini kidogo ya hapo, tumbukiza pingili kwenye glasi ya maji, jani libaki nje, na ubadilishe maji kabla hayajachafuka. Baada ya wiki chache mizizi myeupe inachomoza. Jani peke yake bila pingili halitatoa tawi jipya, hata ukilisubiri mwaka. Vipande nilivyootesha nimevirudisha kwenye chungu kilekile, na sasa kimejaa hadi juu badala ya kuwa na kamba mbili tatu ndefu.

Wengine watakuuzia kwa kusema inasafisha hewa. Dai hilo linatokana na utafiti wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, wa mwaka 1989, ambao ulifanywa ndani ya visanduku vidogo vilivyofungwa kabisa. Uchambuzi uliotoka mwaka 2019 ulionyesha kwamba ili kufikia kazi inayofanywa na hewa inayopita tu ndani ya jengo, ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Nunua kwa uzuri wake, na dirisha fungua.

Wenye watoto wadogo au paka, utundikeni juu. Ni wa familia moja na magimbi, na kama gimbi bichi, una fuwele za kalsiamu oksaleti zinazochoma mdomo na koo. Mnyama au mtoto akitafuna hutokwa mate na kuvimba ulimi. Ukikata matawi, nawa mikono kabla hujagusa macho, maana utomvu wake unawasha.