Sanduku la bati la Kamukunji kwenye kona ya cherehani: linafaa, ila si jinsi linavyouzwa

Kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Agosti, Nairobi hufunikwa na wingu la kijivu ambalo halinyeshi wala haliondoki. Kitambaa kilichoanikwa asubuhi huanuliwa jioni kikiwa bado na ubaridi kwenye pindo. Kwa anayeshona nyumbani huu ndio wakati wa kupanga kona ya cherehani: kazi za Desemba ziko mbali, na jua la Septemba linasubiriwa. Wengi hukimbilia makasha ya plastiki, droo na mbao za kutundikia vifaa. Sanduku la bati halitajwi, kwa sababu tumezoea kuliona kichwani mwa mwanafunzi wa bweni. Tunapoteza kitu kizuri. Kwa vitambaa vya pamba naliweka mbele ya makasha yote ya plastiki yanayouzwa mjini, mradi lirekebishwe kwanza. Likitumika jinsi lilivyotoka kwa fundi, kabla msimu wa baridi haujaisha litakuwa limetia kitenge chako doa la kutu.

Mafundi wa jua kali wa Kamukunji hawahitaji ramani. Ukishuka Landhies Road mlio wa nyundo utakufikisha. Januari, wazazi wanapowanunulia watoto wanaoenda bweni, hakuna nafasi ya kuuliza maswali mengi. Julai fundi ana muda, na anakubali kukutengenezea kwa vipimo vyako. Agiza inchi 30 urefu, 18 upana na 15 kina. Hicho kina ndicho cha kusisitiza. Kitenge kina upana wa karibu inchi 46. Kikunjwe mara nne upande huo kinabaki inchi 11 na nusu, nacho kitasimama wima ndani ya sanduku na nafasi ya mkono ibaki juu yake. Sanduku lenye kina cha inchi 11 au 12 litakulazimisha ulaze vitambaa kimoja juu ya kingine, na hapo unachokitaka kitakuwa chini kabisa kila siku.

Omba bati la geji 28, si 30. Namba ikiwa ndogo, bati ni nene. Huna haja ya kuamini maneno: bonyeza katikati ya kitako kwa kidole gumba. Kikibonyea na kurudi kwa mlio, bati ni jembamba, na vitambaa vikijaa kitako kitashuka na pembe zitaachia. Pima pia kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari, pande zote mbili. Vipimo visipolingana sanduku limepinda, na kifuniko kitaacha mwanya upande mmoja ambao panya na mende watauona kabla yako.

Jaribio linalosema ukweli zaidi ni la kitambaa. Beba kipande cha satini mfukoni, ukipitishe polepole kwenye kila ukingo wa ndani, chini ya mkunjo wa kifuniko, na juu ya kila kichwa cha ribiti, zile pini za chuma zinazoshikanisha bati. Satini ni ya kunasa. Ukingo ambao kidole hakiuhisi utavuta uzi mara moja. Kwenye masanduku mengi shida iko mahali pawili: ncha za ribiti za vishikio, ambazo hupigwa kutoka nje na kuachwa na meno ndani, na pembe za juu ambapo mikunjo mitatu ya bati hukutana. Mwonyeshe fundi hapo hapo. Atapiga nyundo mara nne na kupitisha tupa, kazi imekwisha. Ukishafika nyumbani ni msasa wako na mkono wako.

Rangi ni lawama ya haki. Nyeusi na bluu zinazopakwa upesi huendelea kutoa harufu kwa muda, na kwenye baridi hazikauki vizuri. Acha sanduku wazi mahali penye hewa kwa wiki moja au mbili, kisha usugue ndani kwa kitambaa cheupe kilicholowa kidogo. Kikitoka na weusi, bado.

Sasa unyevu, ambao ndio sababu ya kuandika haya yote. Bati hupoa haraka kuliko chumba. Usiku baridi ikishuka, hewa iliyomo ndani ya sanduku hukutana na kifuniko baridi, na maji yaliyomo kwenye hewa hujishika chini ya kifuniko kama umande. Asubuhi matone huanguka kwenye kitambaa cha juu. Sanduku lililokaa juu ya sakafu ya saruji, au lililoegemea ukuta wa nje, hupata hali hiyo chini na ubavuni pia. Ndiyo maana watu husema bati linatoa kutu, wakati kosa ni mahali lilipowekwa.

Lipandishe juu ya vipande viwili vya mbao ya inchi 2 kwa 2, na uliache mbali na ukuta kwa upana wa vidole vitatu. Toboa matundu mawili ya milimita 6 kila ubavu mfupi, inchi mbili chini ya ukingo, ili hewa ya ndani isisimame. Paka rangi kwenye ukingo wa kila tundu, maana chuma kilichochubuliwa ndicho huanza kushika kutu, halafu bandika kipande cha neti ya mbu kwa ndani.

Kisha shona bitana ya merikani, kama mfuko wenye umbo la sanduku. Kwa vipimo vile vya juu, yadi 3 za merikani yenye upana wa inchi 60 zinatosha. Ifue mara mbili kwa maji moto kabla ya kukata: itasinyaa, na wanga uliotiwa kiwandani utatoka, wanga huo ni chakula cha wadudu. Kata ukanda wa inchi 97 kwa 18 kwa ajili ya kuta nne, na kitako cha inchi 31 kwa 19, ukiacha nusu inchi ya mshono kila upande. Mdomo wa mfuko utapita ukingo na kukunjwa nje karibu inchi mbili. Hapo bitana inafanya kazi mbili: inafunika chuma chenye makali, na inazuia kitambaa kugusa bati. Juu ya vitambaa vyote laza taulo kuukuu. Tone likianguka litaishia hapo. Taulo hilo lianikwe kila Jumamosi.

Kupanga ndani, tumia katoni. Kata vipande vya inchi 11 kwa 7. Kitenge cha yadi 6, kikishakunjwa mara nne kwa upana, kizungushie katoni kama uzi kwenye bobini, bila kuvuta. Kitakuwa na unene wa sentimita 4 au 5. Kwenye sanduku la inchi 30 vinasimama safu mbili, 12 kila safu, kama vitabu, na bado unaweza kuchomoa kimoja bila kuvuruga jirani. Usizidishe hapo hata kama nafasi inaonekana: kitenge kimoja cha yadi 6 kina uzito wa karibu gramu 800, na 24 ni karibu kilo 20. Vishikio vya waya vimeshikwa na ribiti mbili mbili tu.

Kitu kimoja kidogo kinachookoa muda mwingi: kata kipande cha inchi 2 kutoka pembe ya kila kitambaa, ukibandike ndani ya kifuniko kwa tepu ya karatasi, na uandike yadi zilizobaki kwa penseli. Mteja akiuliza kama kuna ya kijani inayofanana na hii, unainua kifuniko tu.

Kabla ya kuingiza kitambaa chochote, kipige pasi, kisha ukiache kipoe kabisa, nusu saa au zaidi. Kitambaa chenye moto huingiza mvuke wake sandukuni, na kazi yote ya juu inakuwa bure. Naftalini usitie. Nondo wa nguo hula sufu, nywele na hariri. Kwenye pamba naftalini inakuachia harufu tu, na vifungo vya plastiki ya bei nafuu vinaweza kulainika vikikaa nayo. Mchele kwenye soksi ni ushauri unaozunguka sana, na matokeo yake ni fukusi. Vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vinasaidia, lakini hushiba haraka. Vitano kwa sanduku zima havitoshi msimu mzima.

Vingine vyote visiingie kwenye bati. Zipu, vifungo, bobini na nyuzi ndogo ndizo mali ya makasha ya plastiki yanayoonyesha ndani, yale madogo yenye klipu. Hapo nayapenda, ingawa klipu huvunjika ukiyapanga zaidi ya manne kwa kimo. Lastiki iwe kwenye kasha lakini mbali na dirisha, kwa kuwa mwanga na joto huiua. Ivute karibu na sikio, ikitoa mlio wa kukatika katika, itupe. Uzi wa zamani ujaribu kwa mikono: ukikatika bila upinzani, utakatika kwenye cherehani pia. Ubao wa matundu unafaa kwa mikasi na rula pekee, na ule wa hadibodi huvimba ukigusana na ukuta wenye unyevu. Uweke vipande vya mbao nyuma yake. Droo ndefu za plastiki sizipendekezi kwa kitambaa. Zinapinda katikati na kukwama.

Sindano na pini zisikae kwenye sponji, hata ikiwa nzuri namna gani. Sponji hushika maji, pini inashika kutu mahali pasipoonekana, na doa linajitokeza kwenye gauni la satini la mtu. Kijimto cha kuchomekea kilichojazwa masalio ya sufu ni bora zaidi.

Na cherehani yenyewe? Usiifunike kwa nailoni; kitambaa cha pamba kinatosha. Fungua skrubu mbili za bamba la sindano, toa vumbi la nyuzi kati ya meno kwa brashi, na usipulize kwa mdomo kwa sababu pumzi ina maji. Tone moja la mafuta ya cherehani kila tundu, kamwe si mafuta ya kupikia, ambayo huganda na kushika vyuma. Shona kitambaa chakavu kwanza hadi mafuta ya ziada yaishe. Ile ya miguu, mkanda wake wa ngozi ukilegea kwenye unyevu na gurudumu kuteleza, kata nusu inchi na uunge tena kwa pini yake.

Wanaofanya kazi ya shifoni, hariri au nguo za harusi, sanduku hili si lenu. Kabati la mbao lenye hewa litawafaa zaidi. Wanaokaa nyumba ya chini ambayo ukuta hutoa maji kila Julai nao waliweke chumba kingine, au wasubiri. Na ikiwa doa la kutu limeshaingia kwenye pamba nyeupe, usiliguse kwa Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, maana litakaa milele. Kamulia limau, nyunyiza chumvi, anika kivulini au juani kwa saa kadhaa, kisha usuuze kwa maji mengi. Kwenye kitambaa cha rangi jaribu kwanza kwenye pindo la ndani.