Kiuadudu kipi kinunuliwe kwa vidukari wa tumbaku

Mkulima wa tumbaku ya mvuke wa Urambo au Kaliua, mkoani Tabora, anapoingia duka la pembejeo hukuta rafu imejaa chupa za majina mbalimbali, ilhali nyingi zina sumu ile ile. Kabla ya kuuliza bei, igeuze chupa usome kiambato (sumu yenyewe iuayo) na alama ya kundi lake, yaani viuadudu vinavyoua kwa njia moja, kama 4A au 3A, kwa kuwa vidukari, wadudu wadogo wafyonzao utomvu, huwa sugu kwa kundi zima na si kwa jina la biashara. Hakikisha pia kwamba imesajiliwa na TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania) na kwamba mnunuzi wa tumbaku yako anairuhusu.

Nafasi ya kwanza naipa imidaklopridi (4A) inayomwagiwa miche kitaluni inapokaribia kupandikizwa, au kutiwa katika maji ya kupandikizia. Mizizi huifyonza, ikapanda hadi kwenye majani machanga na kuyalinda kwa wiki kadhaa. Kwa nyuki si salama, na Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2018 kuzuia isitumike mashamba ya wazi. Ndiyo maana naitaka udongoni mapema, isinyunyiziwe maua, hasa Tabora ambako asali nayo ni mali.

Vidukari wakirudi, ya pili ni flonikamidi (29), ukiipata. Haiui papo hapo: huwafanya waache kufyonza utomvu, wafe baada ya siku kadhaa, na mwenye haraka akifunua jani kesho yake akawakuta bado wamejipanga chini yake hudhani ameuziwa maji.

Asetamipridi ni nzuri, lakini nayo ni 4A. Aliyekwisha kutumia imidaklopridi atakuwa anarudia kundi lile lile kwa bei mbili. Asefeti (1B) hupenya ndani ya jani, ila inadhuru nyuki na inamtaka mpiga dawa avae kinga kamili.

Ya mwisho ni lambda-sihalothrini (3A), ingawa ndiyo rahisi kuipata. Huua inayemgusa tu, na vidukari hukaa upande wa chini wa jani ambako bomba la mgongoni hufika kwa shida. Juu ya hayo, vidukari hawa wamekuwa sugu kwa kundi hili katika nchi nyingi, na wanaokufa kwanza ni wadudu rafiki wanaowala.

Kama umekwisha kukata maua na majani yamekomaa, usinunue chochote kabla ya kukagua shamba, kwa sababu vidukari hupungua wenyewe wakikosa majani laini.