Pini ya Praeneste au jiwe la Lapis Niger?

Pini hiyo ya kufungia vazi, yenye jina la mji wa kale karibu na Roma, na jiwe hilo la Roma (jina lake lina maana ya “jiwe jeusi”) vyote vina maandishi ya Kilatini cha kale mno. Pini ya dhahabu inasomeka yote, kutoka kulia kwenda kushoto: Manios alinitengeneza kwa ajili ya Numasios. Shida ni ilikotoka. Mwanaakiolojia Mjerumani Wolfgang Helbig aliionyesha mwaka 1887 bila ushahidi wa mahali ilipochimbwa, na mwaka 1980 Margherita Guarducci, mtaalamu Mwitalia wa maandishi ya kale, akadai imeghushiwa. Uchunguzi wa dhahabu yenyewe ndio ulioitetea mwaka 2011.

Jiwe halina kesi hiyo. Mwanaakiolojia Mwitalia Giacomo Boni alilifukua mwaka 1899 katika Forum, uwanja wa umma wa Roma ya kale, chini ya sakafu ya mawe meusi, na limebaki palepale. Ila limekatika juu. Ukishayasoma maneno machache, kama “mfalme”, mengi yaliyobaki ni kubahatisha. Hata hivyo mimi naliamini jiwe zaidi.