Ripoti ya Dakika Mbili za Mwisho ya NBA: kipimo kizuri cha usahihi, kipimo dhaifu cha upendeleo

Tangu Machi 2015, NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya kulipwa ya Marekani, imekuwa ikitoa hadharani hati ambayo ligi chache za michezo zimethubutu kuitoa: orodha ya maamuzi ya waamuzi wake katika dakika mbili za mwisho za mechi zilizokabana, kila uamuzi ukiwa umekaguliwa na kutolewa hukumu. Jina lake ni Ripoti ya Dakika Mbili za Mwisho, na mashabiki huifupisha L2M, kutokana na jina lake la Kiingereza, Last Two Minute. Haina malipo. Hutoka alasiri ya siku inayofuata kwa saa za New York, kwa hiyo anayeifuatilia akiwa Dar es Salaam au Nairobi huipata karibu na usiku wa manane, wakati mabishano kuhusu mechi ya alfajiri yamekwisha kupoa.

Matumizi yake ni rahisi. Ripoti ni jedwali linaloonyesha robo ya mchezo, muda uliobaki kwenye saa, aina ya kosa, mchezaji aliyelitenda, mchezaji aliyeathirika, maelezo mafupi, na hukumu moja kati ya nne: filimbi sahihi, filimbi isiyo sahihi, kimya sahihi, na kimya kisicho sahihi (kimya ni pale mwamuzi anapoliacha tukio bila kupuliza). Hapo mwanzo mechi iliingia kwenye ripoti ikiwa tofauti ya pointi ilikuwa tano au chini ya hapo. Baadaye kigezo kikabanwa hadi pointi tatu, na muda wa nyongeza nao hukaguliwa. Kinachoipa ripoti thamani kubwa zaidi ni video iliyoambatanishwa na kila mstari. Msomaji halazimiki kuamini neno la ligi. Anaweza kulitazama tukio, akalirudia, kisha akakataa hukumu iliyotolewa kama anaona haikustahili.

Ubora wake unaonekana vizuri zaidi katika mechi ambazo umma umeshajifungia kwenye tukio moja. Mnamo Mei 2, 2016, katika mechi ya pili ya nusu fainali ya Magharibi, Oklahoma City Thunder waliwafunga San Antonio Spurs 98 kwa 97, na dunia nzima ikamzungumzia Dion Waiters wa Thunder, ambaye alipokuwa akirusha mpira kutoka nje ya mstari alimsukuma Manu Ginóbili wa Spurs kwa mkono. Ripoti ilikubali kwamba hilo lilikuwa kosa lisilopulizwa, lakini haikuishia hapo: katika sekunde 13.5 za mwisho ilihesabu makosa matano yaliyoachwa, na miongoni mwake lilikuwamo la Ginóbili mwenyewe, ambaye mguu wake ulikuwa umegusa mstari kabla ya Waiters kumsukuma, pamoja na la Serge Ibaka wa Thunder kuishika jezi ya LaMarcus Aldridge wa Spurs. Aliyesoma jedwali hilo kwa utulivu aligundua kwamba waamuzi walizidiwa na fujo ya sekunde hizo, na kwamba makosa yao hayakuegemea upande mmoja tu kama ilivyodaiwa. Hakuna mchambuzi wa televisheni aliyenipa picha iliyokamilika kiasi hicho.

Katika mechi nyingine hakuna cha kufafanua, na ripoti hubaki kuthibitisha kile ambacho kila mtu alikiona. Januari 28, 2023, mjini Boston, matokeo yakiwa 105 kwa 105, Jayson Tatum wa Boston Celtics alimpiga mkononi LeBron James wa Los Angeles Lakers, aliyekuwa akiupandisha mpira kikapuni, na filimbi haikulia. Patrick Beverley wa Lakers alichukua kamera ya mpigapicha akampelekea mwamuzi ushahidi, akaambulia faulo ya kiufundi, yaani adhabu ya utovu wa nidhamu, na Celtics wakashinda 125 kwa 121 katika muda wa nyongeza. Mwamuzi mkuu alikiri kosa usiku uleule, na chama cha waamuzi nacho kikakiri mtandaoni. Aprili 2025 ikawa hivyohivyo kwa Detroit Pistons, walipopoteza 94 kwa 93 mbele ya New York Knicks baada ya Josh Hart wa Knicks kumgonga Tim Hardaway Jr. wa Pistons aliyekuwa akijaribu mtupo wa pointi tatu: mwamuzi mkuu alikiri mara tu baada ya mechi. Katika hali kama hizi ripoti huwa muhuri tu juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa.

Ugumu huanza pale msomaji anapotaka kuzijumlisha ripoti hizi ili apate asilimia ya usahihi, jambo ambalo wapenzi wa takwimu wamelifanya tangu mwanzo. Jambo moja hujitokeza bila ubishi: makosa ya kimya ni mengi kuliko makosa ya filimbi kwa mbali sana. Mwamuzi wa NBA akipuliza mwishoni mwa mechi, kwa kawaida alikuwa na sababu. Anapokosea, mara nyingi amenyamaza. Hata hivyo, asilimia yenyewe inategemea kigawanyo, yaani jumla ya matukio yanayohesabiwa, na kigawanyo hicho huchaguliwa na ligi. Filimbi zote huingia kwenye hesabu, lakini katika upande wa kimya huingia tu matukio ambayo wakaguzi wameyaona kuwa na uzito kwa matokeo ya shambulizi. Wakiorodhesha vimya sahihi kumi zaidi, usahihi unapanda bila mwamuzi hata mmoja kuwa bora kuliko jana. Aidha, kosa ambalo haliwezi kuonekana bila kusimamisha picha, kuikuza au kutumia saa maalumu huandikwa kwenye mabano, na halihesabiwi kuwa kosa la mwamuzi. Kanuni hiyo naiona ya haki, kwa kuwa mwamuzi ana macho mawili na hana kitufe cha kurudisha nyuma, ila inamaanisha kwamba mizani imeshikwa na mwenye duka.

Hata kama asilimia hiyo ingekuwa safi kabisa, isingetosha kujibu swali ambalo mashabiki wengi huliendea ripoti nalo: je, waamuzi wanapendelea? Usahihi na upendeleo ni vitu viwili. Mwamuzi anaweza kukosea mara chache sana, na makosa yake yote yakaangukia timu moja. Mwingine anaweza kukosea mara nyingi huku makosa yake yakigawanyika sawasawa. Ili kuupima upendeleo, ni lazima kujua nani kati ya waamuzi watatu wa uwanjani alipuliza au alinyamaza, na ripoti haisemi. Ni lazima pia kuwa na matukio mengi, ilhali dakika mbili ni kama asilimia nne tu ya mechi ya dakika 48, tena zimechaguliwa kutoka mechi zilizokabana, mahali ambapo wachezaji na waamuzi hufanya mambo tofauti na wanavyofanya katika robo ya pili.

Kazi nzito kuhusu suala hili imefanyika nje ya ripoti. Wachumi Joseph Price na Justin Wolfers walichambua misimu 13 kuanzia 1991 hadi 2004, na matokeo yao, yaliyotangazwa mwaka 2007, yalionyesha kwamba mchezaji hupata faulo pungufu hadi asilimia 4 pale rangi yake inapofanana na ya waamuzi wa mechi. NBA ilipinga, ikiutegemea uchunguzi wake yenyewe uliotumia takwimu za ndani za kila filimbi. Cha kushangaza, utafiti uliofuata wa wawili hao wakiwa na Devin Pope ulikuta kwamba upendeleo huo uliendelea hadi habari zilipoenea, kisha ukatoweka. Pengine hiyo ndiyo hoja bora zaidi ya kuitetea ripoti, hata kama haiwezi kuupima upendeleo wenyewe, kwa sababu mtu anayejua kwamba atakaguliwa hadharani hujichunga.

Ni mwaka huohuo wa 2007 ambapo mwamuzi Tim Donaghy alikiri mahakamani kuhusika katika njama ya kamari, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miezi 15. Ligi inayoishi na kumbukumbu hiyo haina budi kuonyesha vitabu vyake, japo kwa kurasa chache.

Wanaoipinga ripoti wana hoja zao. Chama cha waamuzi kimewahi kuitaka ligi iifute, na baadhi ya wachezaji hawaipendi pia. Baada ya mechi ya Krismasi ya 2016 kati ya Cleveland Cavaliers na Golden State Warriors, iliyokwisha 109 kwa 108, ripoti ilisema Kevin Durant wa Warriors alitendewa faulo katika shambulizi la mwisho. Durant, ambaye ndiye aliyepewa haki, aliilaumu ligi kwa kuwaanika waamuzi. Namwelewa, maana ripoti haibadilishi matokeo. Mara ya mwisho NBA kuamuru sehemu ya mechi irudiwe, Miami Heat na Atlanta Hawks walicheza upya sekunde 51.9 mnamo Machi 2008, na sababu ilikuwa hesabu mbaya ya faulo za Shaquille O'Neal wa Heat kwenye meza ya kumbukumbu, si hukumu ya mwamuzi.

Kwa anayetaka kuelewa jinsi mechi moja ilivyoamuliwa, naipendekeza ripoti hii bila kusita, mradi aanze na video kabla ya hukumu. Kwa anayetafuta ushahidi kwamba mwamuzi fulani anaichukia timu yake, haitamsaidia, na akiilazimisha itampa chochote anachokitaka. Ombi langu kwa ligi ni moja. NBA hukagua mechi nzima kwa matumizi yake ya ndani, na alama hizo huchangia kuamua nani atachezesha mechi za mchujo. Itoe takwimu hizo kila mwisho wa msimu, kila mwamuzi akiwakilishwa na namba badala ya jina ili asiandamwe mitandaoni, na robo zote nne zikiwamo.