Kitako cha bunduki cha bei kali: kinalipa huku Malindi?

Bunduki ni moja, Remington 700 ya shabaha yenye kibali, na imevaa vitako vitatu kwa zamu: cha mbao, cha plastiki ngumu chenye kipande cha alumini ndani (Magpul Hunter 700), na chasi, yaani fremu nzima ya alumini badala ya kitako, iliyopita dola 1,000. Kwangu cha pili kinatosha. Cha tatu ni pesa ya fahari.

Adui wa mbao huku Pwani ni unyevu. Masika yakiingia, mbao huvimba kwa upana, ubavu wake ukagusa mtutu, na matundu yakahama kwenye shabaha na darubini hukuigusa. Toa risasi na bolti (komeo la bunduki), kisha pitisha noti kati ya mtutu na mbao, kuanzia mbele kurudi nyuma. Inapokwama ndipo panapogusa. Zungusha msasa kwenye kijiti, kwangua hapo, halafu paka mafuta ya kitani ndani ya mfereji unaolaza mtutu. Viwanda vingine hung'arisha nje na kuacha ndani pakavu. Mwenye jahazi hawezi kuacha ubao bila sifa, yale mafuta ya papa, namna hiyo.

Kabla ya kununua kipya, jaribu kukilaza chuma cha bunduki kwenye epoksi (gundi ya kuchanganya inayokauka ngumu) ndani ya kitako, kikae bila kupindwa. Kile kipande cha chini ya mtutu kinachopokea kishindo, kizungushie utepe wa umeme mbele, pembeni na chini. Uso wa nyuma uache uguse epoksi. Matundu ya skrubu yazibe kwa plastisini, chuma chote kipake nta. Ukisahau nta, bunduki na kitako vimeoana, hakuna talaka. Fanya alfajiri na uchanganye kidogo kidogo, maana kwa joto la Malindi epoksi hukaza upesi. Iache saa 24.

Upime hivi: weka kidole pale mtutu unapokutana na ncha ya kitako, legeza skrubu ya mbele inayofunga chuma kwenye kitako. Ukisikia chuma kinainuka, bado kinapindwa.

Plastiki laini ya bei rahisi haiokoleki kwa urahisi: ukiweka miguu ya mbele ya kuegemezea bunduki, ncha inapinda na kugusa mtutu. Hiyo badilisha tu. Kama shida ni shavu kutofika kwenye darubini, mto wa shavu unatosha.

Chasi haivimbi, hilo nalikubali, na shavu na urefu vinarekebishika. Lakini chumvi ya bahari ikikaa baina ya alumini na skrubu za chuma, uzi wa skrubu unaliwa. Zifungue kila baada ya miezi michache, futa, paka grisi, kisha kaza kwa spana ya kipimo: chasi huenda hadi karibu Nm (nyutoni-mita) 7, mbao karibu 4 au 5, ila karatasi ya kiwanda ndiyo yenye amri. Mbao ukiikaza kama chasi, nyuzi zake zinabonyea na skrubu inalegea tena.

Na kabla ya kuagiza chochote kutoka Marekani, uliza kwanza Bodi ya Leseni za Silaha. Mzigo ukishikwa forodhani, gharama ya kuuhifadhi ni yako.